Jinsi ya kuchambua ishara kwenye Lord of the Flies bila kukariri (kwa wanaoanza)

Kila mitihani ikikaribia maswali ni yaleyale. Kome (lile gamba kubwa la baharini wanalolipuliza) linamaanisha nini, miwani ya Piggy inamaanisha nini, lile dubwana ni nani hasa, na mbona kitabu kinaitwa Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi, wakati stori ni ya watoto kisiwani. Kujibu mmoja mmoja nimechoka kwa hiyo naandika yote mara moja, atakayeuliza tena nitamwambia asome hii.

Nakuambia mapema: orodha ya maana sikupi. Orodha hizo zimejaa kila kona na ndo zinazowaangusha watu, mtu anaandika "kome ni demokrasia" halafu sentensi ya pili hana. Ninachokupa ni njia ya kufuatilia kitu kimoja kutoka chapta ya kwanza hadi ya mwisho, na ukishaifanya kwa kitu kimoja vingine vinakuja vyenyewe. Shuleni wengine mmezoea kusema taashira, wengine ishara, mimi nasema ishara, tusigombane.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kitabu chenyewe, kizima. Kimeandikwa na William Golding, kilitoka Uingereza mwaka 1954, kina chapta 12 na ni kidogo tu, kurasa mia mbili na ushee. Shika kopi moja usiibadilishe katikati maana kurasa hazilingani toka toleo moja hadi lingine na noti zako zitakuwa vurugu.
- Daftari ambalo halina noti za somo lingine, na penseli. Rula pia, utachora majedwali.
- Vitu vitatu kuhusu mwandishi, vitatu vinatosha. Alikuwa mwalimu kwenye shule ya wavulana mji wa Salisbury, kwa hiyo watoto wa kiume anawajua wanavyooneana. Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshi la maji la Uingereza na alikuwepo Normandy mwaka 1944, kwa hiyo watu wazima nao anajua wanavyofanyiana. Na kuna kitabu cha zamani cha 1857 kinaitwa The Coral Island, cha R. M. Ballantyne, humo vijana watatu wa Kiingereza wanakwama kisiwani na wanaishi kistaarabu kabisa, ubaya unaletwa na watu kutoka nje. Golding alikuwa anakijibu kile, na hata majina Ralph na Jack yanatokea huko.
- Filamu weka pembeni kwanza. Ipo ya 1963 ya Peter Brook, na ipo ya 1990 ya Harry Hook. Ile ya 1990 watoto ni Wamarekani wa shule ya kijeshi na rubani mtu mzima ananusurika ajali, jambo ambalo kwenye kitabu halipo kabisa. Ukiandika habari za rubani aliyejeruhiwa kwenye insha yako msahihishaji anajua palepale kwamba kitabu hujakigusa.

Hatua ya 1: Soma mara ya kwanza bila penseli

Ndiyo, bila penseli. Soma kama stori. Mtu anayeanza kuwinda ishara ukurasa wa kwanza anaona ishara hadi kwenye majani ya minazi, na stori yenyewe inampita.

Ili twende pamoja, mifupa ya stori ni hii. Kuna vita kubwa duniani, watoto wa kiume wa Kiingereza wanahamishwa kwa ndege, ndege inatunguliwa, wanajikuta kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Wanamchagua Ralph kuwa kiongozi. Piggy, mnene, ana pumu na miwani, ndo mwenye akili lakini hakuna anayemsikiliza. Jack aliyekuja na kundi lake la kwaya anakuwa kiongozi wa wawindaji. Simon ni mpole, anapenda kukaa peke yake porini na huwa anazimia. Roger ni kimya, mwangalie sana huyo. Halafu kuna madogo, wale wa miaka kama sita, ambao kazi yao ni kula matunda, kuharisha na kulia usiku. Inaanza na kura na kanuni, inaishia Simon na Piggy wamekufa na Ralph anawindwa kama nguruwe, mpaka afisa wa jeshi la maji anapotokea ufukweni.

Hatua ya 2: Andika vitu vinavyorudi

Sasa chukua penseli, pitia kitabu tena haraka. Andika kila kitu kinachoshikika ambacho kinatajwa tena na tena. Halafu kila kimoja kipitishe kwenye maswali haya:

Kinarudi zaidi ya mara mbili tatu? Hali yake inabadilika? Watu wanakigombania au wanakiogopa?

Kikijibu ndiyo kwa yote, hicho kinafaa. Kome kinapita. Miwani inapita. Moto, dubwana, kichwa cha nguruwe, rangi za usoni, vyote vinapita. Vifuu vya nazi vya kutekea maji havipiti, hivyo ni vifuu tu, viache vipumzike.

Angalizo: kwa mara ya kwanza usichukue zaidi ya vitu vitatu. Watu wanajaza daftari ishara kumi na tano, mvua, mchanga, kila rangi, kila mti, halafu hakuna hata moja wanayoweza kuiandikia ukurasa mzima.

Hatua ya 3: Fungulia kila kitu ukurasa wake (mfano: kome)

Hapa ndo kazi ilipo kwa hiyo tutakaa kidogo. Chora kolamu nne: chapta, nani anacho, hali yake ikoje, nini kinatokea. Usiandike maana yoyote kwa sasa. Nafanya kome lote ili uone, hilo gamba kubwa la konokono wa baharini wanalolipuliza.

*Chapta ya 1.* Ralph analiona majini, ila anayejua ni kitu gani na kinapulizwaje ni Piggy. Piggy mwenyewe hawezi kulipuliza sababu ya pumu. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza mwenye ujuzi na mwenye kushika ni watu wawili tofauti, andika hilo. Rangi yake ni ya malai yenye waridi kidogo. Likipulizwa watoto wanatoka porini mmoja mmoja, na ukifika kwenye kura mwandishi anasema wazi kwamba Ralph amechaguliwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ndiye aliyekaa akiwasubiri na lile kome mapajani, siyo kwamba amefanya lolote la maana.

*Chapta ya 2.* Inawekwa kanuni: aliyeshika kome ndo anaongea. Anayeshangilia kanuni kuliko wote ni Jack, anataka ziwe nyingi ili wapate wa kuwaadhibu. Wakipanda mlimani kuwasha moto, Piggy kashika kome anataka kusema, Jack anamwambia kome halihesabiki juu ya mlima. Chapta ya pili hiyo! Watu wanadhani kuharibika kumeanza mwishoni.

*Chapta ya 5.* Limekaa juani, limepauka, linakaribia kuwa jeupe na kuonyesha upande wa pili. Mkutano unavunjika, Jack anazitukana kanuni na wote wanamfuata wakicheza gizani. Piggy anamwambia Ralph puliza. Ralph anakataa. Anasema akipuliza na wasirudi basi imekula kwao. Soma kipande hiki taratibu, ikibidi kinakili kwa Kiingereza chake neno kwa neno, maana ukikielewa hiki kome lote umelielewa.

*Chapta ya 8.* Jack mwenyewe ndo anapuliza, anaitisha mkutano, anataka kura ya kumtoa Ralph. Hakuna mkono hata mmoja unaonyooshwa. Anaondoka akilia kwenda kuanzisha kundi lake, na wengi wa wale wale ambao hawakunyoosha mkono wanamfuata kimyakimya baadaye.

*Chapta ya 9.* Ralph anajitetea kwamba kome analo yeye, Jack anamjibu upande huu wa kisiwa halihesabiki. Linganisha na mlima wa chapta ya 2.

*Chapta ya 10.* Usiku kundi la Jack linavamia. Piggy anadhani wamekuja kuiba kome, Ralph anakwenda kuangalia, analikuta pale pale. Walichochukua ni miwani.

*Chapta ya 11.* Piggy analishika mikononi kwenye mwamba wa Castle Rock, Roger anasukuma jabali kwa mti, Piggy anaanguka na kome linasambaratika vipande vipande.

Umemaliza? Sasa ziba kolamu zingine kwa rula, soma ile ya "hali yake" peke yake kutoka juu hadi chini. Malai na waridi, halihesabiki mlimani, limepauka, halipulizwi kwa kuogopa, halihesabiki huku, halina hata thamani ya kuibwa, limevunjika. Hapo ndo maana inakuja, na imekuja yenyewe.

Wa pwani ya Afrika Mashariki wana mfano mkononi. Siwa za Lamu na Pate, yaani baragumu kubwa, ile ya shaba na ile ya pembe ya ndovu, ambazo ziko makumbusho ya Lamu, zilikuwa zikipulizwa kwenye shughuli kubwa na zilikuwa alama ya utawala. Wanaoisikia siwa wana mji, wana ukoo, wana miaka mingi ya kukubaliana. Kome la Ralph lina siku moja. Swali zuri la kujiuliza ni kwa nini watoto waliitika hata hiyo siku ya kwanza, na jibu liko kwenye chapta ya 1, wamezoea kuitwa na watu wazima na ile sauti wameifikiria ni ya mtu mzima.

Hatua ya 4: Miwani na moto vifanye pamoja

Usivitenganishe maana kimoja kinazaa kingine. Tumia kolamu zilezile.

Chapta ya 2 wanamnyang'anya Piggy miwani usoni wawashe moto wa kuita meli, hawamuombi. Moto unawashinda, unakula msitu, na yule dogo mwenye alama kubwa usoni haonekani tena. Piggy anauliza yuko wapi, hakuna mwenye jibu. Chapta ya 4 meli inapita na moto umezimika kwa sababu waliokuwa zamu wameenda kuwinda na Jack, ugomvi unatokea, Jack anampiga Piggy na kioo kimoja kinavunjika. Chapta ya 10 miwani inaibiwa. Piggy sasa ni kipofu, na mwenye uwezo wa kuwasha moto ni Jack, ambaye anautaka wa kuchoma nyama.

Halafu chapta ya 12, na hapa watu wengi wanapita mbio. Jack anachoma kisiwa kizima ili kumtoa Ralph mafichoni amuue. Moshi wa moto huo ndo meli inauona. Moto wa uokozi waliouhangaikia kitabu kizima haukuleta meli, moto wa kuua umeileta. Ukiandika "moto ni ishara ya matumaini" bila kulisema hili, jibu lako linadondoka, na ukiandika "moto ni ishara ya uharibifu" nalo linadondoka. Moto ni uleule, kinachobadilika ni mwenye kuushika anataka nini.

Angalizo kwa watu wa fizikia: najua. Piggy haoni mbali, miwani ya asiyeona mbali inatawanya mwanga haiukusanyi, kwa hiyo isingewasha moto. Ni kweli na ni kosa la mwandishi. Litaje kwa sentensi moja ukipenda kujionyesha kisha endelea, usije ukaandika insha ya lenzi kwenye karatasi ya fasihi.

Hatua ya 5: Kwa dubwana, fuata linapotoka

Dubwana halina hali ya kuandika kwenye kolamu kwa sababu halipo. Badilisha kolamu ya tatu, iwe "wanasema linatoka wapi".

Chapta ya 2 dogo mmoja kaona kitu kama nyoka msituni. Chapta ya 5 limekuwa la kutoka majini. Chapta ya 6 linatoka angani, na hili la angani lina mwili kweli, ni maiti ya mwanajeshi mwenye parachuti, kaanguka kutoka kwenye mapigano ya ndege usiku, upepo unamwinua na kumlaza juu ya mlima. Ona mpangilio wa mwandishi: mwisho wa chapta ya 5 watoto wanatamani watu wazima wangewatumia ishara yoyote. Chapta ya 6 inaanza na ishara imefika. Ni maiti. Watu wazima nao wako kwenye kazi yao ya kuuana huko juu.

Chapta ya 8 wanamuua nguruwe jike aliyekuwa akinyonyesha, wanachongea mti ncha pande zote mbili, upande mmoja ardhini, upande wa pili kichwa, sadaka kwa dubwana. Nzi wanajaa. Simon anakaa mbele ya kichwa kile na kichwani mwake kinaanza kumsemesha, kinamcheka kwa kudhani dubwana ni kitu cha kuwinda na kuua wakati liko ndani yao wenyewe. Jina la kitabu linatoka hapo, na ukifungua 2 Wafalme sura ya 1 utamkuta Baal-zebubu mungu wa Ekroni, jina ambalo maana yake ni bwana wa nzi, ndiye huyo huyo. Inatosha, usigeuze insha kuwa mahubiri.

Simon anapanda mlimani, anaiona maiti, anaifungua kamba za parachuti, anashuka kuwaambia wenzake hakuna dubwana. Anaingia katikati ya ngoma gizani na mvua, wanamuua wakidhani ni dubwana. Usiku huo huo upepo unaibeba maiti ya parachuti hadi baharini na maji yanauchukua mwili wa Simon. Ushahidi wote umeondoka, wameua mtu pekee aliyejua, na kesho yake dubwana bado lipo. Mimi naona hapa ndo mahali bora kuliko pote kwenye kitabu, kuliko hata kifo cha Piggy.

Usiuache ule mti wa ncha mbili. Chapta ya 12 pacha Sam na Eric wanamwambia Ralph kwamba Roger amechonga mti pande zote mbili. Ralph haelewi, anarudia kujiuliza maana yake nini. Wewe uliyesoma chapta ya 8 unaelewa, na nywele zinasimama. Kwenye chapta hiyohiyo Ralph anakutana na fuvu la nguruwe limeshakauka, na mwandishi anasema linang'aa weupe kama lilivyokuwa kome. Amekuunganishia vitu viwili kwa mkono wake mwenyewe, kazi yako ni kuviona tu.

Hatua ya 6: Watu wafuate kwa matendo yao

Utasikia Ralph ni utaratibu, Jack ni ukatili, Piggy ni sayansi, Simon ni wema. Sawa, lakini Ralph naye alikuwepo kwenye ile ngoma iliyomuua Simon, na Piggy naye alikuwepo, na asubuhi Piggy anatafuta kila sababu ya kuiita ajali. Mtu akibandikwa lebo moja hizi sehemu ngumu zinapotea.

Njia nzuri ni kuchukua tendo moja linalokua. Roger ana mawe. Chapta ya 4 anamrushia mawe dogo anayeitwa Henry, lakini analenga pembeni, kuna duara kama la yadi sita kumzunguka Henry ambalo hathubutu kulipita. Mwandishi anasema mkono wake bado unazuiwa na wazazi, shule, polisi, sheria, dunia ambayo tayari imeshabomoka. Chapta ya 11 jiwe limekuwa jabali na duara halipo. Hizi mbili tu, ukiziweka pamoja, zinakupa aya nzima.

Kuhusu rangi za usoni nina neno. Chapta ya 4 Jack anajipaka udongo na mkaa, anajitazama majini na hajitambui, na nyuma ya rangi hiyo aibu inamtoka. Ni ishara nzito. Ila sisi huku tukisoma lazima tuulize kwa nini mwandishi akitaka kuonyesha mtoto wa Kiingereza ameharibika anampaka rangi na kumpa mkuki na ngoma. Matoleo ya mwanzo Piggy alikuwa na tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi akiwasema waliojipaka rangi, kopi nyingi za sasa limebadilishwa. Upande mwingine Golding anajua anachokicheka: chapta ya 2 Jack ndo anajisifu kwamba wao ni Waingereza na Waingereza ni bora kwa kila kitu, na chapta ya 12 afisa anashangaa watoto wa Kiingereza wamewezaje, huku mwenyewe ana bastola kiunoni na manowari nyuma yake. Yaandike yote mawili.

Hatua ya 7: Geuza jedwali kuwa aya

Hivi usiandike:

*Kome ni ishara ya demokrasia. Linapovunjika, demokrasia inavunjika.*

Andika kama hivi:

*Kwenye chapta ya 5 Piggy anamsihi Ralph apulize kome ili wenzao warudi. Ralph anakataa, anaogopa kwamba wasipoitika hakuna kitakachobaki. Nguvu ya kome imo kwa wale wanaokubali kuitika. Ndiyo maana Jack anapovamia usiku kwenye chapta ya 10 analiacha na kuchukua miwani, kwake lilikuwa limeshakuwa gamba. Jabali la Roger linakuja kuvunja kitu ambacho wavamizi walikuwa wameacha kukiona siku nyingi.*

Kaangalie: neno demokrasia halimo na hakuna aliyelikosa. Kitu, tukio la kwanza, tukio la pili, kisha unachokisema wewe. Ukitaka kunukuu, nukuu maneno machache ya kitabu chenyewe, usinukuu noti za mtandaoni.

Ukikwama

*"Jedwali limejaa lakini sioni maana yoyote."* Mara nyingi umeandika matukio na hukuandika hali ya kitu. Rudi, kwa kila chapta andika rangi, kimevunjika au kizima, kiko kwa nani, nani alikitaka akakosa.

*"Ticha kasema moto ni matumaini, mimi naona vingine."* Mwoneshe chapta. Kama una matukio mawili yanayokubeba uko salama, kama unalo moja andika ya ticha halafu ongeza la kwako na neno "lakini".

*"Mwandishi alikusudia haya yote kweli?"* Mengine bila shaka, kama fuvu na kome, kalilinganisha mwenyewe. Mengine hatuwezi kumuuliza, amefariki 1993. Swali la kujibu ni kama maneno ya kitabu yanakubali unachosema.

*"Kwa hiyo binadamu wote ni wabaya?"* Hiki ni kitabu cha kubuni, hakithibitishi kitu kuhusu binadamu. Mwaka 1965 vijana sita wa Tonga walikwama kweli kwenye kisiwa cha 'Ata, wakakaa zaidi ya mwaka, wakatunza moto wao usizimike na wakaokolewa wote wazima 1966. Golding anaonyesha watoto wa aina fulani, wa shule za aina fulani, kipindi cha vita. Sema "kwenye riwaya hii", usiseme "binadamu ni hivi".

*"Nachanganya chapta."* Vichwa vya chapta vinasaidia, Beast from Water ni ya 5, Beast from Air ni ya 6, The Shell and the Glasses ni ya 10. Viandike nyuma ya jalada la daftari.

*"Mtihani kesho na kitabu sijasoma."* Mdogo wangu. Soma chapta ya 1, 2, 5, 10 na 11, fanya jedwali la kome peke yake, ulale. Dubwana usiliguse kwenye insha kama chapta ya 8 na ya 9 hujazipitia, utaandika kwamba ni nyoka.